Samaki wa Busia hawezi kungoja foleni

"Mamba, kastoma? Mamba mbichi, bado anapumua!"

Mtu wa Pwani akisikia maneno hayo sokoni hurudi nyuma hatua mbili. Kwetu mamba ni yule wa Mto Tana na Sabaki, ambaye jamaa zetu wa kandokando ya mto humwogopa kila wanapokwenda kuchota maji. Lakini Busia, mwendo mfupi tu kutoka lango la Uganda, mamba ni samaki. Waganda humwita emmamba na Wajaluo humwita kamongo. Ni mrefu kama mkunga, ana ngozi ya kahawia yenye utelezi, na ana mapafu. Hupanda juu ya maji kuvuta hewa, na dimbwi likikauka hujizika kwenye tope akangoja mvua irudi. Mama aliyekuwa akimuuza alimwinua kutoka kwenye beseni, samaki akajinyonga, nami nikaruka. Soko zima likacheka.

Nilikuwa nimekwenda Busia na Malaba kwa shughuli nyingine kabisa, lakini mtu aliyelelewa kwa samaki hapiti soko la samaki bila kuingia. Nilizunguka, nikauliza majina, nikala nilichopikiwa. Nimerudi nyumbani na ladha mdomoni na swali kichwani.

Siku hizi simu zetu zimejaa video za watalii walioingia soko la Noryangjin mjini Seoul, Korea Kusini. Mgeni huchagua samaki, kaa au chaza wakiwa hai kwenye matangi ya maji, kisha hupanda ghorofani akapikiwa pale pale. Wapo wanaokula vipande vya pweza ambavyo bado vinajikunja sahanini. Wapo wanaokula taa aliyechachushwa mpaka harufu yake inapanda puani kama ng'onda wa papa aliyesahauliwa stoo. Sisi hutazama, tukacheka na kutumiana.

Maajabu kama hayo tunayo hapa nchini, na hayahitaji tiketi ya ndege. Swali langu ni jingine. Kwa nini kule samaki aliye hai humfikia mlaji usiku au mchana, na hapa mpakani ikifika adhuhuri mama wa samaki ameanza kushusha bei kwa kuliogopa jua?

Ziwa moja, majina matatu

Kwanza tuseme kilichopo, kwa sababu wengi wetu Pwani tukisikia samaki wa bara tunafikiria ngege na omena tu.

Ngege ndiye huyo Watanzania humwita sato. Mbuta, yule mkubwa wa minofu, ni sangara kwa Mtanzania na mputa kwa Mganda. Omena ni dagaa upande wa Mwanza na mukene upande wa Jinja. Yupo mumi, ambaye ni kambare. Yupo seu, ambaye Waganda humwita semutundu. Yupo ningu, ambaye wazee husema alikuwa tele mitoni zamani na leo ni wa kutafutwa. Wapo fulu, vile visamaki vidogo vya miiba ambavyo Uganda huitwa nkejje, huanikwa na kuuzwa kwa fungu. Meza moja ya Busia ina samaki mwenye jina la Kijaluo, la Kiganda na la Kiswahili, na muuzaji huyatumia yote kulingana na sura ya mnunuzi.

Nilianza na ngege wa kukaangwa kisha kutiwa rojo la nyanya na vitunguu, kwa ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo. Ugali huo ni mweusi, mzito, na una uchachu kidogo. Siku ya kwanza niliuona mgeni. Siku ya pili niliuomba mwenyewe. Samaki wa ziwa hana chumvi ya baharini ndani ya nyama yake, kwa hiyo Mpwani atatafuta ndimu na pilipili, na atapewa bila kuulizwa maswali.

Kamongo nilimla akiwa wa moshi. Nyama yake imeshikana, ina mafuta, na ladha yake iko karibu na nyama kuliko samaki. Si kila mtu humla. Katika Buganda upo ukoo mzima unaoitwa Mmamba, na watu wake hawamgusi kwa kuwa ndiye mwiko wao. Mila za huko pia ziliwakataza wanawake kumla. Leo sokoni Busia niliowaona wakimpasua, wakimpima na kumtetea bei walikuwa wanawake.

Malaba, kama kilomita 30 hivi kwa barabara inayopita Alupe, nilipata chungu kingine. Huko ni kwa Wateso. Samaki wa moshi hupikwa kwa karanga zilizosagwa mpaka mchuzi ukawa mzito. Nilipouonja nilikumbuka samaki wa kupaka wa nyumbani. Kule hawana mnazi, wana karanga, na mikono imefikia wazo lile lile: samaki aliyepitia moto anahitaji kitu cha mafuta cha kumlainisha.

Basi utamu upo. Tatizo linaanza saa nne za asubuhi, jua linapopanda.

Mpaka uliojengewa lori

Busia ni mji mmoja uliogawanywa na mstari. Ni hapa na Malaba ambapo jina bodaboda linasemekana lilizaliwa, pale vijana wa baiskeli walipokuwa wakiwavusha abiria kutoka kituo cha mpaka mmoja hadi kingine. Kwa miaka mingi watu wenye ulemavu wamejulikana Busia kwa kuvusha mizigo kwa baiskeli zao za magurudumu matatu. Biashara ya watu wadogo ilikuwepo kabla ya majengo makubwa.

Majengo yalikuja. Februari 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia. Malaba nayo ina kituo cha aina hiyo. Mpango wake ni rahisi kuelezeka: badala ya mzigo kusimamishwa mara mbili, Kenya kisha Uganda, unasimamishwa mara moja tu, upande wa nchi unaoingia.

Sisi wa Mombasa hatuna sababu ya kuudharau mpango huo. Lori linalotoka Kilindini likienda Kampala, Kigali au Juba hupita huko baada ya mwendo wa zaidi ya kilomita 900, na kila siku linayokaa Malaba ni siku ambayo dereva wetu yuko mbali na nyumbani na bandari yetu inasemwa vibaya. Tuliona mwaka 2020, wakati wa korona, foleni zilivyonyooka kwa makumi ya kilomita madereva wakingoja majibu ya vipimo. Kituo cha pamoja kinamsaidia mwenye kontena.

Lakini kontena la mabati haliozi. Samaki huanza kuharibika saa ile ile anapokufa, na kwa joto letu mwendo huo ni wa kasi. Wataalamu hushauri karibu kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki ikiwa unataka afike akiwa mbichi kweli. Mama mwenye mabeseni mawili kichwani na mwenzake mwenye gunia juu ya bodaboda hawana barafu ya kiasi hicho, na aghalabu hawana hata kivuli cha kungojea.

Hapa tuseme ukweli wa pande zote. Sheria za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimemfikiria mfanyabiashara mdogo. Upo utaratibu rahisi unaomruhusu kuvusha bidhaa zilizotoka ndani ya Jumuiya zenye thamani isiyozidi dola 2,000 kwa cheti rahisi cha asili, bila ushuru wa forodha. Kwenye karatasi, mama wa mabeseni mawili yuko salama kabisa. Ila cheti hicho kinahusu ushuru. Samaki ni chakula, na chakula kinapovuka mpaka lazima mkaguzi akione.

Na mkaguzi tunamhitaji. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Ulaya ilifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja, na mwaka 1999 sababu ilikuwa habari za kutisha za watu waliotumia sumu ya wadudu kuvulia. Wavuvi wa nchi zote tatu walilipa kwa kosa la wachache. Anayesema ukaguzi uondolewe hajui anachokiomba.

Tatizo ni saa. Samaki huvuliwa usiku na kufika mpakani alfajiri au mapema asubuhi. Karatasi zina saa zake, maofisa wana saa zao, na jua lina saa yake. Zikipishana hizo tatu, anayeumia ni mama. Akingoja halali, ngege wa asubuhi anakuwa ngege wa mchana, macho yameingia ndani na mashavu yamepoteza wekundu. Akipita njia ya panya, anawahi soko, lakini amejiweka mikononi mwa yeyote atakayemkuta kichakani, mwenye sare au asiye na sare. Akikamatwa hawezi kulalamika, maana ameshavunja sheria. Akipona, samaki wake hajaonwa na mkaguzi yeyote. Yaani utaratibu uliowekwa kumlinda mlaji unamletea mlaji samaki asiyekaguliwa.

Njia ya tatu ni kumkausha au kumtia moshi. Hiyo ni elimu ya zamani, na kamongo wa moshi nimemsifu hapo juu. Lakini ufundi unapendeza ukiwa hiari. Mtu anapotia moshi samaki kwa sababu hakuuzika akiwa mbichi, bei ameshaipoteza.

Na mpaka huu una mazoea ya kubadilika ghafla. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumukuvu, malori yakakwama, na baada ya siku chache zuio likalegezwa kwa masharti. Mwenye mahindi alipata hasara lakini alibaki na mahindi. Mwenye samaki akikwama siku hizo chache anabaki na uvundo.

Wanaokula nyama na wanaokula mifupa

Kuna wasomaji watakaosema: samaki ni mali ya Uganda, sisi inatuhusu nini? Inatuhusu kwa hesabu. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria. Sehemu kubwa ni ya Tanzania na Uganda. Wavuvi wa Bunyala na Samia, ndani ya kaunti hiyo hiyo ya Busia, wakisukuma mitumbwi kidogo tu wanajikuta maji ya jirani, na tangu Uganda ilipopeleka wanajeshi ziwani mwaka 2017 kusimamia sheria za uvuvi, safari hiyo ina hofu yake. Kwa hiyo samaki wengi wanaoliwa magharibi mwa Kenya watapita mpakani, tupende tusipende. Njia ya ziwani ikibanwa, ya nchi kavu lazima iwe nyoofu.

Isiponyooka, pengo hujazwa na wengine. Samaki wa kugandishwa kutoka China wanauzwa hata Kisumu, ukingoni mwa ziwa lenyewe. Oktoba 2018 Rais Kenyatta alizungumza hadharani dhidi ya samaki hao, mabishano na Wachina yakafuata, na samaki wakaendelea kuja. Kilichowafanya washinde ni barafu. Wametoka ng'ambo ya bahari, wakapakuliwa bandarini kwetu, wakapanda hadi ziwani, na muda wote hawakuonja jua. Ngege wa Uganda anasafiri umbali ambao Mchina angeucheka, na anafika amechoka kuliko yeye.

Sangara naye ana kisa chake. Minofu yake huenda viwandani na kusafirishwa nje. Bondo lake, ule mfuko wa hewa tumboni, hukaushwa na kupelekwa China na Hong Kong, na kilo moja ya bondo ina thamani kuliko kilo nyingi za nyama. Kinachobaki ni kichwa na mifupa, ambayo watu wa ziwani wameipa jina lisilohitaji maelezo: mgongo wazi. Hukaangwa na kuuzwa kwa mtu wa mfuko mwepesi. Nimemla, na aliyepika alijua kazi yake. Lakini mtu akila mifupa ya samaki wa ziwa lake kwa sababu nyama imempita bei, hilo ni jambo la kujadiliwa bungeni na katika mabaraza ya kaunti, sio mtandaoni tu.

Seoul ina funzo, na ina onyo

Turudi Noryangjin. Watalii huona pweza anayejikunja. Wasichokiangalia ni maji yanayotiririka sakafuni, barafu iliyojaa kila mahali, na mnada unaofanyika usiku wa manane ili samaki awe ameshapata mwenyewe kabla mji haujaamka. Soko linaendeshwa na shirikisho la vyama vya ushirika vya wavuvi. Saa za kazi zimewekwa kwa kumfuata samaki. Hilo ndilo funzo.

Onyo ni hili. Mwaka 2016 soko hilo lilihamishiwa jengo jipya la kisasa, na baadhi ya wachuuzi wakakataa kuhama. Walisema vizimba ni vidogo na kodi ni kubwa. Mvutano ulidumu miaka kadhaa, na mwishowe waliobaki waliondolewa kwa nguvu. Korea yenye fedha zote hizo iliwajengea watu soko bila kuelewana nao, ikavuna vurugu. Sisi je? Kila kaunti ina soko lililokatwa utepe ambalo akina mama walilitazama, wakaona halina maji, liko mbali na stendi, wakarudi barabarani.

Kwa hiyo sipendekezi ghorofa Busia. Napendekeza mambo matatu madogo.

La kwanza ni maji, kivuli na barafu, vikiwa pale pale ukaguzi unapofanyika. Kwa kuwa kituo ni cha pamoja, samaki anayetoka Uganda anakaguliwa upande wa Kenya. Basi jukumu la kumhifadhi wakati akingoja ni letu, hatuwezi kumsukumia jirani. Najua jibu litakalotolewa: mitambo ya barafu imewahi kuletwa sehemu nyingi, kuanzia ziwani hadi baharini, ikafunguliwa kwa ngoma na kufungwa kwa bili ya umeme. Ni kweli. Mara nyingi ilikabidhiwa kamati isiyouza samaki. Wapewe wenye mabeseni, wauziane barafu kwa kilo, na bili walipe kutokana na mauzo hayo. Mtu ambaye samaki wake ataoza hawezi kuacha mtambo ulale.

La pili ni dawati la wafanyabiashara wadogo wa samaki linalofunguka alfajiri. Ofisa mmoja wa forodha na mkaguzi mmoja wa samaki, saa zile ambazo samaki hufika. Kituo kilichojengwa kuokoa saa za malori kinaweza kuokoa saa mbili za beseni.

La tatu ni kuwauliza wenyewe kabla ya kujenga chochote. Mama aliyenicheka kwa ajili ya mamba anajua samaki hufika saa ngapi, hutoka wapi, na nani humsumbua njiani. Maarifa hayo hayamo katika ripoti ya mshauri yeyote.

Yupo atakayehofia kwamba biashara ikirahisishwa samaki wataisha. Hofu hiyo ina msingi, maana samaki wachanga wanavuliwa sana. Lakini samaki anayepita kichakani hapimwi urefu na mtu. Anayepita dawatini anaweza kupimwa, na wachanga wakarudishwa. Tena kila samaki anayeoza mpakani atafidiwa na mwingine atakayevuliwa kesho. Barafu huokoa ziwa pia.

Mpwani mwenzangu, usiseme haya ni ya Busia. Sisi tunaambiwa habari za bandari za uvuvi, kuanzia Liwatoni hadi Shimoni, na ni habari njema. Lakini mama karanga wetu bado ananunua changu na tasi mchangani, anabeba kwa ndoo, na jua linamshinda vile vile. Pweza wetu bora hawakai sana mezani kwetu, na majongoo ya baharini tunayoyazamia hatuyaonji kabisa. Bandari ikimsahau mama karanga, tutakuwa na mgongo wazi wetu wenyewe, wa baharini.

Saa tisa alasiri nilipita tena sokoni Busia kuaga. Ngege ambao mama alikataa kabisa kuwapunguzia bei asubuhi, sasa alikuwa akiwaachia karibu na nusu. "Chukua, mtu wa Mombasa, hawa hawalali," aliniambia. Kwenye beseni la pembeni kamongo mmoja alikuwa bado anapumua. Katika soko lile zima ndiye samaki pekee anayeweza kuingoja serikali.